Leland Hone: Mwairishi aliyeichezea England mechi moja tu. Je, alitemwa?

SWALI: Salamu nyingi mtaalamu. Nimelelewa Nairobi, sasa naishi Dublin na familia yangu. Kijana wangu wa miaka 13 anacheza kriketi kwenye klabu ya hapa mtaani, na shuleni amepewa kazi ya kuandika kuhusu Mwairishi wa kwanza kucheza mechi ya testi. Kocha wake anasema Wairishi hawakuwa na testi kabla ya 2018. Yeye amekuta mtandaoni jina la Leland Hone, kwamba aliichezea England mwaka 1879, mechi moja, mikimbio 7 na 6, basi. Wenzake wanamcheka kwamba amemchagua mtu asiyejua kucheza, ndiyo maana akatemwa. Mwairishi aliichezeaje England? Na kwa nini mechi moja tu? Halafu kuna muuzaji wa vitu vya kale anayetaka euro 250 kwa karatasi ya matokeo iliyoandikwa kwamba ni ya mechi ya testi kati ya England na Australia, Melbourne, 1879. Niinunue nimfurahishe mtoto?

JIBU: Mama, naanza na la pesa kwa sababu ndilo haliwezi kusubiri: karatasi hiyo usiinunue kwanza. Sababu nitaieleza mbele kidogo, kwa kuwa inatoka kwenye jambo lilelile linalomsumbua kijana wako. Kwa sasa mwambie muuzaji unafikiria.

Tuje kwa kocha. Yuko sahihi kwa upande wake. Timu ya taifa ya Ireland ilipewa hadhi ya testi, yaani ya kucheza mechi za kimataifa za ngazi ya juu kabisa katika kriketi, Juni 2017, siku moja na Afghanistan, na ikacheza testi yake ya kwanza Mei 2018 dhidi ya Pakistan pale Malahide, hapo hapo kwenu kaskazini mwa Dublin. Siku ya kwanza mvua ilinyesha hadi jioni bila mpira kurushwa. Pakistan walishinda kwa wiketi 5 (yaani walifika lengo wakiwa bado na wapigaji watano wa kutolewa), lakini Kevin O'Brien akapiga mikimbio 118, na hakuna Mwairishi aliyekuwapo atakayesahau. Wewe uliyekulia Nairobi unajua jinsi hadhi hii inavyotolewa kwa ubahili: Kenya iliifunga Ireland kwa mikimbio 7 katika nusu fainali ya Kombe la ICC kule Kuala Lumpur mwaka 1997, ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, na hadi leo haijawahi kucheza testi hata moja.

Kijana naye hajakosea. Timu ya Ireland na Mwairishi mmoja mmoja ni mambo mawili tofauti. Wairishi walikuwa wakicheza testi miaka 141 kabla ya Malahide, ila wakiwa na jezi za wengine. Na kama shule inataka aliyewahi kuliko wote, basi si Hone. Ni Tom Horan, aliyezaliwa Midleton katika kaunti ya Cork mwaka 1854, akahamia Australia angali mtoto, akawemo kwenye kikosi cha Australia katika testi ya kwanza kabisa, Machi 1877. Horan alicheza testi 15 na kuwa nahodha katika mbili kati ya hizo. Hone ana nafasi nyingine: ndiye Mwairishi wa kwanza kuichezea England. Jambo la kumfurahisha kijana ni kwamba wawili hao walikutana uwanjani. Hone alipovaa glavu zake Melbourne, Horan alikuwa upande wa pili, pamoja na Tom Kelly mzaliwa wa Waterford. Wairishi watatu katika mechi moja, mmoja huku, wawili kule.

Sasa, Mwairishi aliichezeaje England? Tunakosea tunapoitazama dunia ya 1879 kwa macho ya leo. Ireland ilikuwa imeunganishwa na Uingereza tangu 1801 na kutawaliwa na bunge moja la London. Hone alizaliwa Dublin tarehe 30 Januari 1853, akasoma shule ya bweni ya Rugby huko England, akachezea Ireland na pia klabu ya MCC ya London. Hakuna aliyemwona mgeni. Hakukuwa na shirikisho la kimataifa la kuuliza pasipoti; chombo cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa 1909, Hone akiwa amekwisha fariki. Sheria iliyokuwapo ilihusu kaunti: tangu 1873 mchezaji alitakiwa kuchagua kaunti moja, ama ya kuzaliwa ama ya makazi. Mtu wa Dublin hakuwa na kaunti ya England ya kudai. Ndiyo maana Hone anakumbukwa kwa jambo jingine: ndiye mtu wa kwanza kuichezea England testi bila kuwahi kuchezea kaunti yoyote ya daraja la kwanza.

Lakini timu yenyewe ilikuwa timu gani? Hapa naomba msome taratibu, wewe na kijana, maana ndipo jibu la "kwa nini mechi moja" linapokaa. Klabu ya Melbourne iliomba timu ya wachezaji wa ridhaa, wale mabwana wenye mali ambao hawakulipwa kwa kucheza. Aliyetarajiwa kuiongoza, I. D. Walker, hakwenda, na uongozi ukamwangukia Lord Harris wa Kent. Hakukuwa na kamati ya kuteua kikosi. Kulikuwa na barua za mialiko na swali moja gumu: nani ana uwezo wa kuacha shughuli zake miezi kadhaa akapande meli kwenda Australia? Mchezaji bora mwenye kazi ya kanisa, ya sheria au ya shamba alibaki nyumbani. Harris alipoona urushaji wa mabwana wake ni dhaifu akaongeza wachezaji wawili wa kulipwa kutoka Yorkshire, George Ulyett na Tom Emmett. Kikosi kikaitwa Mabwana wa England, pamoja na Ulyett na Emmett. Hivyo ndivyo watu wa Melbourne walivyowajua.

Mechi ilichezwa tarehe 2 hadi 4 Januari 1879. Harris alichagua kupiga kwanza, na lilikuwa balaa. Fred Spofforth, mrushaji ambaye Mei iliyotangulia alisaidia kuizima MCC kwa mikimbio 33 na 19 ndani ya siku moja pale Lord's, uwanja wa London, alianza kuwang'oa mmoja baada ya mwingine. England walipofika 26, Spofforth alivunja wiketi ya Royle, vile vijiti vya nyuma ya mpigaji, akamtoa. Mpira uliofuata akavunja ya Mackinnon. Mpira wa tatu Emmett akaupiga juu, na aliyeudaka alikuwa Horan, yule mtoto wa Midleton. Hiyo ndiyo hetriki ya kwanza katika historia ya testi. Mikimbio 26, watu 7 nje.

Hone alikuwa wa kumi kwenye orodha. Mwambie kijana afikirie hali ya mtu huyo akisubiri zamu yake kuingia kumkabili Spofforth wa siku ile. Harris na Charlie Absolom walisimama imara wakaokoa jahazi, Harris akipata 33 na Absolom 52, na timu ikaishia 113. Hone alipata 7 kabla Spofforth hajaudaka mwenyewe mpira alioupiga. Saba inaonekana haba, sivyo? Basi achukue karatasi ya matokeo asome majina yote kumi na moja. Zaidi ya Absolom na Harris, hakuna aliyepata zaidi ya Hone. Ulyett, aliyekuja kucheza testi 25, alipata sifuri. Hornby, mmoja wa wapigaji waliosifika sana England, alipata 2. Katika zamu ya pili Hone alipata 6 kwenye jumla ya 160. Spofforth alimaliza mechi na wiketi 13, yaani aliwatoa wapigaji mara 13, na Australia wakashinda kwa wiketi 10.

Halafu kuna kazi iliyompeleka uwanjani, ambayo wenzake kijana hawaitaji. Hone alikuwa mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vijiti kudaka mipira inayompita mpigaji. Nyakati zile glavu zilikuwa nyembamba na ardhi haikufunikwa mvua ikinyesha, kwa hiyo mpira ungeweza kuruka hadi shingoni au kuteleza chini ya kifundo cha mguu. Na waliorusha kwa kasi upande wake walikuwa Ulyett na Emmett. Huyu Emmett alirusha kwa mkono wa kushoto, alikuwa mkali, na alijulikana kwa mipira iliyopotea pembeni kabisa mwa wiketi kisha ufuatao ukatua palepale pa kuua. Katika mechi hiyo alichukua wiketi 7 kwa mikimbio 68. Asiyewahi kusimama nyuma ya mrushaji wa namna hiyo hajui adha yake. Mpigaji anaweza kuuacha mpira mbaya upite, mlinda wiketi hana ruhusa hiyo. Hone alidaka wapigaji wawili. Upande wa pili alikuwapo Jack Blackham, aliyesifika kuliko walinda wiketi wote wa enzi yake, na yeyote aliyewekwa kwenye mizani na Blackham alionekana mwepesi.

Je, Hone alitemwa? Hapana. Kutemwa kunahitaji kikosi kinachoendelea na mtu wa kukutoa. Mwaka 1879 hakukuwa na hivyo viwili. Ziara ilipokwisha, timu ilikwisha. Na si Hone peke yake: kati ya wachezaji 11 wa England katika mechi ile, 6 hawakucheza testi nyingine maishani. Ni Absolom, Hone, Mackinnon, Royle, Schultz na Webbe. Absolom aliyepiga 52 na kuiokoa timu naye yumo. Kama mechi moja ingekuwa ushahidi wa kutojua kucheza, tungelazimika kusema zaidi ya nusu ya timu, pamoja na mpigaji wake bora wa zamu ya kwanza, hawakujua kucheza. Wenzake kijana wakijibiwa hivyo sidhani kama watakuwa na la kuongeza.

Tena mechi ya pili ilikuwa njiani. Ilipangwa kikosi cha Harris kikutane tena na Australia jijini Sydney. Kabla ya hapo walicheza na New South Wales, na Jumamosi tarehe 8 Februari 1879 uwanja ukageuka uwanja wa vita. Billy Murdoch, kipenzi cha watu wa Sydney, aliyemaliza zamu ya kwanza na 82 bila kutolewa, safari hii alitolewa akiwa na 10 kwa kosa la kutofika mstarini kabla wiketi haijavunjwa. Mwamuzi alikuwa George Coulthard, kijana wa miaka 22 kutoka Victoria, aliyeletwa na Waingereza wenyewe. Unaweza kukisia: mwamuzi wa koloni la watani, watu wameweka pesa zao kwenye kamari, na kipenzi chao ametoka. Umati ukavamia uwanja. Harris alipigwa fimbo na mtu mmoja. Hornby akamkamata mtu huyo na kumburuta hadi kwenye jengo la wachezaji huku shati lake mwenyewe likichanwachanwa. Mwamuzi wa pili siku hiyo alikuwa Edmund Barton, ambaye mwaka 1901 alikuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Australia. Mechi ilimaliziwa Jumatatu na Waingereza wakashinda, lakini Harris aliudhika mno. Akafuta michezo iliyobaki ya Sydney, na pamoja nayo nafasi ya pili ya Hone.

England hawakucheza tena testi hadi Septemba 1880, nyumbani, uwanja wa Oval. Hapo nahodha hakuhitaji tena watu wenye nafasi ya kusafiri. Wote walikuwa jirani. Ndugu watatu wa ukoo wa Grace walicheza, na mmoja wao, W. G., akapiga 152. Glavu alivaa Alfred Lyttelton. Hone alikuwa ng'ambo ya bahari, kwao Dublin.

Sasa turudi kwenye karatasi ya muuzaji. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Hone aliingia uwanjani Melbourne bila kujua anacheza testi, na wenzake vilevile. Orodha tunayoitumia leo kusema hii ni testi, hii siyo, ilitungwa na mwandishi wa habari wa Adelaide, Clarence Moody, mwaka 1894. Alitazama nyuma miaka 17, akachagua mechi alizoona zina uzito, na chaguo lake likakubalika. Mechi ya Januari 1879 aliiingiza. Hone alifariki Dublin tarehe 31 Desemba 1896 akiwa na miaka 43, kwa hiyo sifa aliyonayo leo ilikuwa na umri wa miaka miwili tu alipoondoka duniani.

Umeona tatizo la karatasi hiyo, mama? Iliyochapwa uwanjani mwaka 1879 haingetangaza mechi ya testi ya England na Australia. Ingetaja Mabwana wa England na kikosi cha Australia. Maandishi aliyokutajia muuzaji yanaonyesha imechapwa baadaye, pengine miaka mingi baadaye. Inaweza kuwa kumbukumbu iliyotengenezwa kwa nia njema kabisa, wala simwiti mtu mwizi, ila euro 250 ni bei ya kitu halisi. Ukitaka kuwa na uhakika, picha ya simu haitoshi, hata ukinitumia mimi. Karatasi inahitaji kushikwa mkononi, kutazamwa nyuma yake na kuangaliwa wino chini ya kioo cha kukuzia. Mpeleke muuzaji pamoja na karatasi yake kwa mthamini wa nyumba ya mnada anayeshughulikia vitu vya michezo. Akikataa kwenda, umepata jibu lako bila gharama.

Kama Hone alikuwa mchezaji mkubwa, hilo silidai. Zamu mbili na mikono iliyodaka mipira miwili haviwezi kuthibitisha ukubwa, kama visivyoweza kuthibitisha udhaifu. Ninachoweza kusema kwa yakini ni kwamba aliitwa, akaenda, akafanya kazi ngumu kuliko nyingine zote uwanjani. Kijana akitaka kumlinganisha na mtu wa karibu, ampime na Boyd Rankin, mrushaji mrefu kutoka Ireland Kaskazini. Aliichezea England testi moja tu, Sydney, Januari 2014. Yeye alikuwa na bahati ambayo Hone hakuwa nayo: Ireland ilipata hadhi akiwa bado anarusha, akacheza Malahide 2018, akawa wa kwanza kuzichezea testi England na Ireland zote mbili. Au amtazame Eoin Morgan, mzaliwa wa Dublin, mwenye testi 16 za England na hata moja ya Ireland.

Ukishangaa mbona Wairishi wenyewe hawamtaji, sababu ni ya kisiasa zaidi kuliko ya kimichezo. Miaka ya 1870 kriketi ilichezwa vijijini kote Ireland, Kilkenny na Tipperary zikiwamo, si na mabwana peke yao. Mwaka uleule wa 1879 ilianza vita ya ardhi kati ya wapangaji na makabaila, na wenye mashamba makubwa walikuwa mara nyingi ndio wenye viwanja. Mwaka 1884 kikaanzishwa chama cha michezo ya asili, GAA, ambacho baadaye kiliwapiga marufuku wanachama wake kucheza michezo iliyohesabiwa kuwa ya kigeni. Marufuku hiyo iliondolewa 1971. Katika miaka hiyo yote, jina la Mwairishi aliyedaka mpira kwa niaba ya England halikuwa jina la kulisimulia watoto. Hata ukoo wa Hone, uliotoa wachezaji kadhaa wa Ireland, unajulikana zaidi kwa wachoraji wake.

Kazi ya shule ningeiandika hivi: nisingemtafuta "wa kwanza" mmoja. Ningewaweka watatu na kusema wazi kila mmoja ni wa kwanza wa nini: Horan 1877, aliyezaliwa Ireland; Hone 1879, Mwairishi aliyechaguliwa England; na kikosi cha 2018, Ireland yenyewe. Hilo haliwezi kupingwa na kocha wala mwalimu. Akiruhusiwa mmoja tu, amchukue Hone. Kuhusu Horan kimeandikwa kingi, naye mwenyewe alikuwa mwandishi wa kriketi. Hone anahitaji mtu wa kumsemea.

Kisha mfanye jambo moja pamoja. Siku ya wiki mtakayokuwa na nafasi, nendeni Maktaba ya Taifa iliyoko Kildare Street. Kusoma ni bure. Chukua kitambulisho, na uulize mapema utaratibu wa kuingia na mtoto. Ombeni magazeti ya Dublin ya Januari hadi Machi 1879, Irish Times na Freeman's Journal. Simu ya maandishi ilikuwa imeifikia Australia tangu 1872, hivyo habari za ziara hazikusubiri meli. Mhudumu wa chumba cha magazeti atawaonyesha namna ya kutafuta, na kijana anakili kwa mkono wake chochote atakachokuta juu ya Hone, pamoja na tarehe na ukurasa. Mwalimu atakifurahia kuliko karatasi ya euro 250.